Shimo la Kazani Ambalo Halikuwamo Kwenye Modeli

Jumatatu, 16 Oktoba

Sifuri tena. Kisima cha Mzee Radiša kimetoa sifuri mara ya tatu. Modeli yangu ya kompyuta inasema kromiamu, sumu iliyovuja ardhini kutoka karakana ya zamani, ilipaswa kufika pale tangu Juni — kwenye skrini ulimi wa zambarau unaoonyesha sumu inavyosambaa umelala juu ya kisima chake kama paka mkekani. Ardhini, hakuna kitu. Vukašin, ambaye kazi yake ni kuchota sampuli na kunichokoza, kaniuliza modeli imekunywa nini asubuhi. Nikamwambia maabara ndiyo iliyolewa.

Kicheko hakikudumu. Ramani yangu ya Agosti iko halmashauri, na sahihi yangu chini. Kwa ramani hiyo kisima kinazibwa kwa zege Jumatatu ijayo. Nikikosea kukiziba, nimemnyima mzee maji aliyochimba babake kwa sururu. Nikikosea kukiacha, anakunywa sumu. Bi Olivera, bosi wetu, hataki hadithi: nilete namba, huruma haichapwi kwenye ramani.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimebadilisha kila kinachobadilika. Kasi ya maji kwenye changarawe. Mvua. Namna udongo unavyoishika kromiamu. Saa kumi nikaupata ulimi unaosimama pale pale ninapotaka — kwa kuongeza tabaka la udongo wa mfinyanzi ambalo halipo. Ulipendeza sana. Nimeufuta. Huko si kupiga hesabu, ni kupaka rangi.

Nimekula mikate miwili ya burek, na hasira bado.

Alhamisi, 19 Oktoba

Leo! Leo! Ngoja nianze mwanzo.

Tulikwenda kijijini, mimi na Vukašin. Radiša hayupo nyumbani. Jirani kasema yuko kwa Tihomir, zamu yake ya kuchemsha rakia, pombe kali ya plamu. Tukafuata harufu ya plamu. Kazani, chungu kikubwa cha shaba cha kuchemshia, inanguruma, wanaume watano wamekaa, nyama iko kwenye makaa, na hakuna anayefanya kazi ila moto.

"Karibu, binti wa zege," Radiša akasema. "Kaa unywe kabla hujatuziba na sisi."

Nikakaa. Mguu ukalowa. Mpira mweusi wa maji, mnene kama mkono wangu, unamwaga maji mtaroni bila kukoma — maji ya kupoza bomba la mvuke.

Nikauliza yanatoka wapi. Tihomir akanyoosha kidole nyuma ya banda: shimo, na pampu ndani yake. Tangu lini? Tangu mwaka themanini na nne. Pampu inafanya kazi muda gani? Kila vuli, wiki nane, usiku na mchana, maana bila maji baridi mvuke haugeuki rakia.

"Mzee, si nilikuja hapa na fomu? Niliuliza visima vyote."

"Uliuliza visima," akasema Tihomir, akigeuza nyama. "Hiki ni cha kazani. Nani anakunywa hapo?"

Wote wakatikisa vichwa kukubali, maana jambo liko wazi. Na mimi je? Mjukuu wa mchemshaji! Utoto wangu wote nilicheza kando ya mpira kama huo, na hata siku moja shimo lake sikuliita kisima. Wiki nzima nimelaumu maabara. Nyani haoni kundule.

Nilimbusu Tihomir mashavuni mara tatu: pampu ikivuta maji hivyo, huenda inavuta na sumu. Vukašin akajaza chupa mbili za sampuli kutoka shimoni. Kisha Tihomir akauliza habari ya bata wake, maana wanakunywa mtaroni. Nikamwambia awafungie mpaka maabara ijibu. Tabasamu lake likafifia. Akaenda kuwafungia mwenyewe, mmoja mmoja.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimeiweka kazani kwenye modeli. Vuli arobaini za kuvuta maji. Ulimi ukatoka karakana kama kawaida, ukafika njia panda — ukapinda! Ukampita Radiša kwa mita sitini, ukaenda kulala nyuma ya banda la Tihomir. Nimecheka peke yangu hadi mhasibu akachungulia mlangoni. Nina furaha isiyo na adabu.

Makadirio ya shimo la kazani: mikrogramu 46 kwa lita. Nimeiandika na kuifunga kwenye bahasha kabla maabara haijapima, nisije nikajidanganya. Bi Olivera kaipokea. Lakini halmashauri, anasema, haisimamishi zege kwa mstari wa kompyuta. Namba ya maabara: Jumatatu saa tisa alasiri. Zege: Jumatatu saa nane.

Nilimpigia Radiša kumweleza. Anauliza kama sasa itatolewa amri wachemshe rakia mwaka mzima, kwa ajili ya afya.

Jumatatu, 23 Oktoba, saa nane na nusu

Naandika nimekaa juu ya kifuniko cha kisima. Radiša kakaa pembeni yangu, kofia magotini. Gari la zege liko getini, tumbo lake linazunguka. Dereva anasema hawezi kungoja namba ya saa tisa: zege likigandia humo, ni balaa lake.

Radiša: "Leo ni safi, najua. Na mwakani?"

"Mwakani pia, pampu ya Tihomir ikiendelea kuvuta."

Tihomir, akichungulia juu ya ua: "Plamu zimebaki mapipa mawili."

Hakuna aliyecheka. Nikamwambia pampu haihitaji plamu, nitaiandikia halmashauri iitunze yenyewe na kuyasafisha yale maji. Akasema kwanza iwatunze bata.

Dereva kaja na karatasi. Yeye ni mtu wa karatasi, anasema, na hii ina sahihi.

"Ya nani?"

Akasoma. Jina langu.

Nikaomba kalamu yake, nikaikata sahihi yangu kwa mistari miwili, nikaandika tarehe. Bi Olivera anaweza kunifukuza, na atakuwa na haki. Dereva akaitazama karatasi, akanitazama, akarudi garini.

Gari linarudi nyuma. Sijui linaondoka au linajiweka sawa, maana haya magari humwagia nyuma. Radiša kavaa kofia. Hatujainuka.