Trekta halijatikisika hata kidogo

Wewe, weka chai chini kwanza. Shemeji yako! Nasema shemeji yako!

Si leo alikuwa anampelekea mteja lile trekta la baba mkwe? Asubuhi nzima katuhutubia uani jinsi ya kulifunga kwenye tela. Minyororo minne, kila pembe mmoja. Breki ya mkono. Jembe lishushwe mpaka liguse tela. Mzee akaanza, "Mwanangu, na huku mbele..." Akamkatiza: "Baba, hii kazi niachie mimi."

Niachie mimi, eti!

Basi akapanda pikapu, akapiga honi, akaondoka. Peke yake! Tela na trekta lake vimebaki uani, maana ile pini ya kuunganisha tela na pikapu bado mzee alikuwa nayo mkononi. Kioo cha nyuma ni pambo, au?

Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Mara simu, yeye huyo, kashamaliza kupanda mlima: "Mke wangu, mzigo ukifungwa vizuri gari linakuwa jepesi kama unyoya! Mwambie baba trekta halijatikisika hata kidogo."

Nikamtazama mzee. Kakaa kwenye usukani wa trekta, anakunywa chai.

Nikamjibu, "Kweli, mume wangu. Hata sisi tunaliona."