Roketi Yenye Jina la Mama

Siku ya ine, tarehe 5 mwezi wa sita

Bawa la tatu limebanduka tena. Gundi ya soko la Kikula ni maji matupu. Nimelibandika upya na kulishikilia mpaka vidole vikafa ganzi. Bomba lenyewe safi: karatasi ngumu ya bristol niliyoikunja juu ya mti wa fagio, jepesi, limenyooka. Najisifu mwenyewe, maana hakuna mwingine.

Mama amepita, akauliza kama hii ndiyo kazi ya mwalimu wa fizikia. Ndiyo, Mama. Wasichana wa mwaka wa tano wamechoka na roketi za ubaoni.

Injini ni tatu tu, za baruti, nene kama kidole gumba. Zilibaki kwenye mafunzo ya Lubumbashi, nikaziomba.

Nimeandika jina kwa marqueur nyekundu: AGNÈS 1. Ni jina la Mama. Alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya posho, tarehe 7

Imeruka! Uwanja wa Panda, saa kumi, wasichana kumi na tisa. Fimbo ya kulehemu ardhini, betri ya pikipiki, fyuu! Walipiga vigelegele. Mimi nilipiga zaidi.

Kisha upepo. Mwezi wa sita kila mtu anaujua, na mimi nikaweka parashuti kubwa ya plastiki. Kiburi tu. Kanda fupi ya kuishusha upesi ingetosha. Ilielea kwenda Kikula, juu ya mabati ya watu, ikimwaga poda ya mtoto niliyopaka plastiki isigandamane. Tumetafuta mpaka jua likashuka. Bure.

Mtoto wa Mama Plamedi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ana homa. Mama amempelekea uji.

Siku ya Mungu, tarehe 8

Imepatikana. Juu ya nyumba ya Mama Plamedi.

Kelele zimeniamsha. Baba Plamedi alikuwa anashuka kwenye mabati, ameinasa kwa kijiti, hataki kuigusa. Karatasi. Mkia umeungua. Unga mweupe. Jina kwa wino mwekundu.

Hapa kwetu hata mtoto atakuambia: walozi wanaruka usiku na ndege za karatasi, za maganda ya karanga, za mikebe ya sardini. Ndege ikiishiwa nguvu, inaanguka juu ya nyumba iliyokuwa inaiendea. Na ndani ya nyumba ile mtoto anaungua na homa. Na avenue yetu nzima iko na Agnès mmoja.

Nilisimama mlangoni, mswaki mdomoni. Maneno mawili tu: ni yangu. Sikuyasema. Niliogopa, nikarudi ndani.

Siku ya kwanza, tarehe 9

Nimeenda kusema. Nimechelewa siku moja, na siku moja imetosha. Mama Plamedi hakunipa kiti. Nimeeleza bristol, baruti, shule. Walinisikiliza kama binti anayemtetea mamaye. Baba Plamedi anachimba shaba. Akainusa, akasema baruti ya mgodini anaijua, haina harufu hii.

Pasta wao aliuliza jambo moja tu: “Hii ni ya kwanza. Ya mbili iko wapi?”

Mawe, ole wangu! Namba ile. Niliiandika kwa mchezo.

Siku ya tatu, tarehe 11

Hakuna anayenunua mandazi ya Mama. Tumeyala wenyewe asubuhi na jioni.

Mkuu wa shule ameniomba nisiitaje shule katika habari hii. Wasichana waliona kila kitu, lakini wazazi wamewafunga midomo. Mtoto bado ana homa. Nimewasihi wampeleke kituo cha afya. Wamejibu wako kwenye maombi.

Leo asubuhi tumekuta tairi limeegemezwa ukutani kwetu. Sisi hatuna gari. Mama amesema pengine mtu amelisahau. Anajua vizuri mlozi huchomwa na nini.

Ninakunja bomba jipya. Nitawaonyesha wajionee kwa macho yao.

Siku ya tano, tarehe 13

Nimefanya ujinga mkubwa kuliko wote wa maisha yangu.

Kiwanja cha kanisa lao, saa tisa, jua kali. Nilieleza kila kipande, kama darasani. Sikuandika jina. Nikaweka kanda fupi. Ilipanda wima, ikashuka hatua ishirini kutoka miguuni pangu. Kazi safi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja alisema polepole: “Ya mbili njo hii.” Na pasta, kwa upole kabisa: “Aksanti, mwalimu. Tulikuwa tunayua nani anaruka. Sasa tunayua nani anatengeneza.”

Wanaume wakasogea. Hapo Mama akapita katikati yao.

“Mutoto wangu hayui kitu. Ni yangu. Zote mbili.”

Nilimvuta mkono. Akanipiga kofi. Miaka thelathini na sita, mara ya kwanza. Kisha akamgeukia Mama Plamedi: “Nimemwachilia mutoto wako. Mumupeleke kituoni leo. Sasa dawa itashika.”

Wakampeleka. Kwangu walikataa siku tano, kwake walikubali mara moja.

Mama walimpigisha magoti, wakamwombea mpaka jua likazama. Sharti lao: aondoke kabla ya siku ya Mungu.

Siku ya posho, tarehe 14

Ameondoka na lori la kwanza la upande wa Koni, kwa mdogo wake. Mfuko mmoja. Kwenye lori hakuna aliyekaa karibu naye.

Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mimi. Injini iliyobaki nimeitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Siku ya Mungu, tarehe 22

Ilikuwa malaria. Mtoto amepona.

Mama Plamedi amekuja saa sita na sahani ya bukari na mboga ya sombe, mtoto mgongoni, mashavu yamejaa. Nimempa kiti, ameketi. Amenishika mkono, akasema hana kinyongo na mimi, mwenye kosa ameshaenda, na Mungu ni mwema. Alikuwa na furaha ya kweli.

Nikasema aksanti. Bukari ilikuwa bado ya moto. Nimekula yote.