Jina Lako Katika Wimbo wa Tisa

Maître,

Leo nimekaa kwenye kiti chako. Usinune. Changu kilivunjika mguu mwezi uliopita, na yule fundi mbao wa upande wa pili ananiambia njoo kesho tangu siku hiyo. Unamjua.

Nakuandikia kwa sababu albamu ya yule mwimbaji wetu Cathode imetoka, na sina mtu mwingine wa kumweleza nilichofanya. Papa Kabulo hanisalimii tena. Mama Odile, mke wako, ndiye hasa ambaye sitakiwi kumweleza. Umebaki wewe, na wewe umekufa tangu zile mvua kubwa. Basi vumilia.

Albamu inaitwa Shaba Yetu, nyimbo kumi na tano. Kamalondo, mtaa mzima, inaipiga, kwenye baa, kwa wauza kadi za simu, kwa yule dada wa michopo anayetingisha nyama ya kuchoma huku akitingisha mabega. Cathode, ambaye ulimshonea koti lake la kwanza la jukwaani, lile lililokuwa fupi mikono kwa sababu kitambaa hakikutosha, sasa ana picha kubwa kwenye njia ya kwenda mpakani Kasumbalesa. Amesimama juu ya zile sahani za shaba alizojichukulia jina, na malori yaliyozipakia yanapita chini yake. Meno yote nje. Ungesema koti linamkaba kwapani, na kweli linamkaba.

Nakumbuka Jumamosi zetu. Albamu yoyote mpya ililetwa hapa ateliye, tunaposhonea, baada ya saa sita, watu wakakaa kwenye mabenchi na wengine kwenye magunia ya vipande vya vitambaa. Sheria ilikuwa yako: wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, hakuna kuruka, hakuna kuongea, mwenye kushona aendelee kushona. Ukiisha wa mwisho, Papa Kabulo anasimama na kufungua mjadala kana kwamba bado anafundisha Kifaransa darasa la sita, na wewe unamkatalia chochote alichosema, hata kama moyoni unakubali. Halafu, watu wakishachoka kupiga kelele, unatoa hukumu. Ulikuwa unasema, “Mbele ni ya bantu ya njiani. Geuza, tuone mukati.” Ulivyosema kuhusu ndani ya koti la mtu ndivyo ulivyosema kuhusu ndani ya wimbo wa mtu. Na hukumu yako ilirudiwa kwenye bomba la maji na kwenye baa mpaka Jumatatu.

Miaka mitatu ya mwanzo hukuniruhusu kusema. Siku moja nilijisahau, nikasema wimbo fulani ni mzuri kwa sababu watu wanaucheza. Ukasema bila kuinua kichwa, “Hata jenereta ya jirani inachezesha bantu, Nadège.” Walicheka mpaka Papa Kabulo akavua miwani. Nilinuna siku mbili, nikakataa chai yako. Kisha miaka ikapita, na Jumamosi moja ukafunga radio, ukageuka, ukauliza mbele ya wote, “Na Nadège anasema nini?” Nilikuwa napinda shati la kijani la yule pasta mnene. Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka tu kwamba sindano ilinichoma na sikusikia maumivu.

Hicho ndicho ulichoniachia, Maître. Mashine mbili, makasi makubwa, pasi ya makaa, na kazi ya kujibu swali hilo bila kudanganya. Nimevilinda vyote isipokuwa hicho cha mwisho.

Sikia sasa. Siku ya tatu ya kilio chako, Cathode alikuja na watu wake wenye miwani myeusi. Alipiga magoti mbele ya Mama Odile, nami nikaona kwamba analia kweli, sitamnyima hilo. Baadaye alinifuata kule nyuma kwenye masufuria. “Yaya Nadège,” akasema, maana kwake mimi ni dada mkubwa, “nimufanyie Maître nini?”

Nilijua unavyoyachukia mabanga. Kila mwimbaji hapa kwetu ana mabanga yake, majina ya watu wanaotaka kusikika ndani ya wimbo, na kila mara yalipoanza ulikuwa unaguna. Ulishasema, “Jina yangu isiingie mule, mi siko chumvi ya kutia mu sauce ya bengine.” Nilijua. Lakini nilitazama viti vya kukodi vikipakiwa kwenye mkokoteni, nikaona jinsi nusu ya watu walivyokwisha kuondoka, nikaogopa. Nikawaza kwamba baada ya mwezi mmoja hakuna atakayelitaja jina hili ila mimi na mjane wake. Nikamwambia Cathode, “Uite jina yake.”

Kijana wake mmoja alinipa karatasi na biki. Nikaandika jinsi kila mtu anavyoandika akitaka kuitwa katika wimbo, yaani jina, kazi, mahali. Maître Felly, mshonaji wa Kamalondo, nyuma ya soko, anavalisha wakubwa. Sikuandika kwamba umekufa. Sitakwambia nilisahau. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi na neno lile likakataa kushuka. Nikajiambia watajua wenyewe, si wametoka kwenye kilio sasa hivi? Lakini studio ni karatasi tu, Maître. Anayesoma majina si lazima awe anamjua mtu.

Wimbo wa tisa hauna hadithi, hauna hata kiitikio cha maana. Ni majina, dakika nne nzima, na baada ya kila jina inapigwa honi ya lori. Wewe unakuja baada ya mwuza pikipiki na kabla ya mheshimiwa mmoja wa bungeni. “Maître Felly! Mushonaji ya Kamalondo! Nyuma ya soko! Anavalisha bakubwa! Pita kwake!” Halafu honi. Hilo “pita kwake” wameliongeza wenyewe.

Na watu wanapita. Wiki ya kwanza walikuja wawili, kisha watano. Alikuja mfanyabiashara mmoja wa Kivu, mwuza maharage kwa jumla, na kitambaa kizuri cha sufu amekikunja ndani ya gazeti. “Niko natafuta Maître Felly, ule wa mu wimbo.” Nikamwambia. Akavua kofia, akasimama kidogo, akasema Mungu amulaze pema, kisha akakikunja kitambaa chake na kuondoka nacho. Hakutaka mkono wangu. Mwingine alicheka, akadhani nakuficha ili kazi yake niichukue mimi. Kila siku nakuzika upya mbele ya mtu nisiyemjua, na ni mimi niliyewaita.

Ningeweza kubeba hayo. Ni Mama Odile aliyenishinda.

Baada ya mazishi hakutoka uani kwake. Majirani walimletea chakula, akakigusa kwa vidole viwili, akawarudishia sahani. Nilikwenda kila jioni, nikamkuta ameketi vilevile kwenye mkeka uleule. Halafu asubuhi moja naona mtu anaingia ateliye mbio, hana kitambaa kichwani, kiatu kimoja mguuni. Ni yeye. “Nadège! Beko banamwita! Banamwita kama vile iko muzima!” Aliusikia kwa jirani. Akaniomba niupige, nikaupiga mara saba. Kila honi ilipolia alitingisha kichwa kama mtu anayeitikia salamu. Siku hiyo alikula hapa, bukari na sombe, akamaliza donge lote la ugali na majani yake, akaomba tena. Tangu hapo anakuja kila asubuhi, anaketi pale karibu na mlango, nami naweka wimbo wa tisa.

Jumamosi mbili niliahirisha mjadala. Nilisema umeme hakuna, na mara moja ilikuwa kweli. Ya tatu walikuja wote bila kungoja niwaite, wakajipangia mabenchi. Mama Odile alikuwepo. Tukasikiliza kumi na tano zote, bila kuruka, kama ulivyotufundisha.

Nikueleze kwa haki. Wimbo wa pili ni kazi ya mtu. Anaeleza mama yake akipanga mabeseni kwenye bomba, na jinsi alivyomtambua kwa kikohozi kabla ya kumwona. Nilisimamisha mashine. Nikasema moyoni, huyu ndiye yule tuliyemshonea. Wa tatu unapita. Kuanzia wa nne ni ngoma ileile, magari yaleyale, na kati ya wa sita na wa saba sikujua mlango uko wapi. Mtu ana sauti, ana pumzi, na ameacha kutazama. Hilo ndilo linaloniuma.

Kijana mmoja wa kuuza saa alimtetea. “Papa, bantu banacheza, kila muntu anamujua, mpaka Zambia. Sasa art inakosa wapi?” Papa Kabulo akasimama, akashika mshipi wa suruali, unajua akishika hapo hakai mapema. “Ule mutoto alikuwa anajua kuandika,” akasema. “Sasa anasoma liste. Ile ya tisa haiko wimbo, iko barua ya kuomba kazi! Anachanganya bale bamekufa na bazima, juu ya bote anapiga klaksoni. Felly tulimuzika, na ye anatutuma kwake tukapimwe! Felly angeisikia ile, angeitapika.”

Alisema yote hayo mbele ya Mama Odile. Na kila neno lilikuwa lako, Maître. Hata namna ya kupumua katikati ilikuwa yako. Kisha akanigeukia, kwa upole, maana alikuwa na hakika nami. “Nadège. Mukati iko namna gani?”

Wote wakanitazama. Mimi nikamtazama Mama Odile. Hakuwa analia. Alikuwa ananiangalia kama mteja anayengoja kuambiwa kama kitambaa chake kitatosha.

Nikasema, “Iko muzuri. Mukati iko propre, iko safi. Na ile ya tisa njo inapita zote.”

Hakuna aliyepiga makofi kusikia wa tisa umewekwa juu ya zote, hata kijana wa saa. Papa Kabulo akachukua kofia yake pale msumarini. Nilitaka anitukane. Alisema tu, kwa sauti ya kuagana na mgonjwa, “Leo njo Felly amekufa kabisa.” Akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakijifanya wana shughuli. Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Iliyopita pia.

Nimebishana nawe kila siku tangu hapo. Unaniambia ningeweza kusema sijui. Unaniambia ningemtoa Mama Odile nje kwanza. Nakujibu, na angekula nini kesho yake? Halafu unaninyamazisha, kwa sababu unajua jambo jingine. Kama ningesema ule wimbo ni takataka, ningelazimika kusema nani aliandika ile karatasi. Mkono ni wangu. Sikumlinda mjane peke yake, nilijilinda na mimi. Miaka kumi na moja ulinifundisha kutoogopa wimbo wa mtu mkubwa, na nimeshindwa na wimbo niliouomba mwenyewe. Naona aibu, Maître. Nakukosa na naona aibu, na vyote viwili vinakaa mahali pamoja, siwezi kuvitenganisha.

Na bado sijakwambia ya jana.

Jana asubuhi aliingia dereva wa malori, mrefu, vumbi la Kasumbalesa mpaka kwenye kope. Ana kitambaa cha suruali, harusi ya mdogo wake. “Ba Maître beko?” Wimbo ulikuwa unapigwa, Mama Odile yuko mlangoni. Nilifungua mdomo niseme kama ninavyowaambia wote. Ila jana nikaona Mama Odile amegeuza kichwa, anangoja kusikia nitamjibu nini yule mtu.

Nikasema, “Ametoka kidogo. Ukuje nikupime, akirudi ataona.”

Mama Odile hakunisahihisha. Alitikisa kichwa kukubali, akasogeza miguu ili dereva apite. Nilimpima kiuno, nikaandika vipimo kwenye daftari lako, chini ya vipimo vya mwisho ulivyoandika wewe.

Sioni namna ya kutoka humu. Nikimwambia ukweli, nitamrudisha kwenye ule mkeka. Nisipomwambia, ataanza kukuwekea sahani, na nitakuwa ndiye niliyeipakua. Papa Kabulo alikosea kidogo tu. Kwake umekufa kabisa, lakini hapa ateliye hata kufa hatukuruhusu.

Dereva atarudi Ijumaa. Nakuahidi nitamwambia, mbele ya Mama Odile, kwamba umekufa, kwamba karatasi niliandika mimi, na kwamba wimbo ule hauna kitu. Nakuahidi, lakini usinitegemee. Niliahidi na pale kaburini pia, mbele ya wote, kwamba sitaiharibu hukumu yako.

Kwaheri, Maître wangu. Lala, kama wanakuacha ulale. Jumamosi hii nitafunga saa sita, kama maduka mengine yote.

Nadège