Kishikwambi cha Tata Kisitupwe

Johannesburg,
baridi ya mwezi wa saba

Kwako Mama,

Shikamoo Mama. Ugonile. Najua kitanda chako sasa kina upande mmoja wa baridi, kwa hiyo sikuulizi kama mko wazima kwa mazoea tu. Nakuuliza kidogo kidogo: unakula? Mguu bado unakuuma ukisimama sana pale mezani sokoni? Umepata mtu wa kukusogezea magunia? Mimi mwili wangu hauna tatizo. Moyo ndio mgonjwa, na umekuwa hivyo tangu mmzike Tata. Nilikuwa nimeandika "tumzike", nikafuta, maana mtoto aliyekuwa Johannesburg hakuzika mtu. Kibali changu bado kiko ofisini kinasubiri mhuri, na ningevuka mpaka bila hicho nisingeweza kurudi kazini. Nalijua hilo, lakini kulijua hakunisaidii nikilala.

Barua hii nimempa Asajile, yule dereva wa lori anayelala Uyole akielekea Dar. Nimechagua karatasi kwa sababu simu yako siku hizi inasikilizwa na watu wengi. Nikikupigia namsikia Shangazi Tumpe akikohoa pembeni, nami najikuta nazungumzia mvua. Isome ukiwa peke yako, uvae ile miwani ya Biblia, na usiharakishe.

Juzi uliniuliza swali, nikanyamaza mpaka ukadhani laini imekatika. Ulisema, "Lusajo, kile kishikwambi nikitupe? Shangazi yako anasema kichomwe moto, ndicho kilichomwondoa baba yako." Laini haikukatika, Mama. Nilikuwa nalia nimejifunika mdomo ili wenzangu wa dukani wasinisikie. Jibu langu ni hili: kisitupwe wala kisichomwe, na mke wangu Yusta asiendelee kukaa Iringa kama mtu aliyeiba.

Unakumbuka tulivyobishana kuhusu kukinunua? Wewe ulitaka kompyuta, ile ya kufunua, kwa sababu katibu wa kwaya anayo na akiifungua kanisani watu wote wanageuka. Tata akauliza, "Hiyo yenye mfuniko inapika ugali pia?" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilizipanga mezani hapa dukani, maana kazi yangu ndiyo hii, kuzifufua mashine zilizochokwa na wenyewe. Laptopu iliyotumika ilikuwa na nguvu zaidi, tena ikizeeka unaifungua na kuiongezea uwezo. Lakini bei yake ilikuwa magunia mawili ya mchele wako wa Ubaruku, na betri zake zimechoka, kwa hiyo umeme ukikatika hapo Uyole nayo inazimika. Isitoshe, vidole vya Tata vilishavimba, na vile vibonye vidogo vingemtesa. Kishikwambi kilikuwa nusu ya bei hiyo, chepesi kifuani mwa mgonjwa, kinakaa na chaji kutwa nzima, na mtu anagusa tu. Ubaya wake ni kwamba hakiongezeki. Kilivyotoka kiwandani ndivyo kitakavyozeeka. Tulikubaliana wote watatu, na hata leo ningechagua hichohicho.

Sasa nikueleze kwa nini kiliganda, na wewe muuza mchele utanielewa kuliko wateja wangu wote wenye tai. Stoo yako ya nyuma ndiyo mahali kishikwambi kinapotunza picha, nyimbo za kwaya na zile video za harusi ambazo ndugu hawachoki kutumiana. Meza yako ya sokoni ndiyo ile mafundi tunaiita RAM, pale unapoweka tu kile unachouza saa hiyo. Stoo iwe kubwa namna gani, meza ikiwa ndogo na wateja wakaja kwa mpigo, unasimama unashangaa, mikono hewani. Meza ya Tata ilikuwa ya giga mbili. Nilipokinunua ilitosha. Lakini hizi programu za kupigiana simu za kuonana zinajibadilisha zenyewe, na kila zikijibadilisha zinanenepa, wala hazimuulizi mwenye kishikwambi kama ana nafasi ya kuzilisha. Ndiyo maana kiliganda, kama vinavyoganda vyote vya bei ile vinavyoletwa hapa dukani, vilivyoguswa na wakwe na visivyoguswa.

Lakini Shangazi anasema kiliganda kwa sababu Yusta alikuwa anakishika, kisha Tata anakishika. Kitu kilichotoka mkononi mwa mkamwana kikaingia mkononi mwa mkwe. Anasema mwiko ulianza kuvunjika hapo, siku ya kwanza kabisa. Simcheki Shangazi. Amekulia humo, na sisi Wanyakyusa hatuna jambo zito kama hilo: mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami usoni, hamsemeshi, hata jina lake halitaji. Ila nakumbusha kitu kimoja. Yusta ni Mhehe. Kwao Iringa angeweza kumsalimu mkwe wake "kamwene" na mambo yakaisha. Alijifunza mwiko wetu akiwa mtu mzima, nao akaushika kuliko mabinti waliozaliwa nao hapo Uyole. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia, "Mke wako anapita nyuma ya jiko kwenye tope kuliko akatize kivuli cha baba yako."

Na uliona alivyofanya na kishikwambi. Anakichaji jikoni. Tata akitoka kwenda kuota jua, yeye anaingia, anakisimamisha juu ya stuli, ananipigia, ananiambia "tulia hapo hapo", anatoka kwa mlango wa nyuma. Halafu anapiga makofi mara mbili, Tata anajua njia ni nyeupe. Nilikuwa nakaa natazama ukuta na kiti kitupu mpaka nisikie fimbo yake ikija. Watu wawili walifanya kazi moja wiki baada ya wiki bila kuonana, na chai ya Tata haikupungua sukari hata siku moja.

Siku ile wewe ulikuwa umekwenda Ubaruku mashineni kufuata mchele. Tata alikuwa hawezi tena kutoka nje kuota jua, kwa hiyo uliniunganisha wewe kabla ya kuondoka, ukakiacha kitandani. Tuliongea vizuri mwanzoni. Aliniuliza kama huku viazi vinapikwa na maganda. Ghafla uso wake ukaganda kwenye kioo changu, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo akasita. Sauti ilikuwa bado inapita kwa kukatakata.

"Lusajo, umesimama," akasema.

"Tata, ni kishikwambi. Shika kitufe cha pembeni, ukikandamize usikiachie."

"Vidole havina nguvu, mwanangu." Akapumua kwa shida. "Usiende. Kuna jambo nataka kukuambia, na leo sio kesho."

Nikasikia makofi, mara mbili, nyuma ya ukuta. Yusta alikuwa jikoni, amesikia kila kitu. Halafu Tata akasema, "Pita, mama. Nimeshafunika uso." Kioo changu kikawa cheusi.

Kishikwambi kile kikizimwa kinachukua muda mrefu kuamka, Mama, kwa sababu ya ile meza ndogo niliyokueleza. Kilipoamka, Yusta akanipigia, na kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wake karibu sana na kioo, ameelekea ukutani, kitenge kimefunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Machozi yalikuwa yanamtoka. Hakusema neno, maana Tata angesikia sauti yake. Akarudi kinyumenyume, akipapasa kwa mkono wa nyuma mpaka akafika kitandani, akakiweka juu ya blanketi bila kugeuka. Hapo ndipo nikaona chumba chote. Mgongo wake. Na Tata amelala, pama lake la shambani, ile kofia ya ukingo mpana, limefunika uso mzima, mikono yake imelishikilia lisidondoke. Walikaa hivyo muda wote ambao mashine ilikuwa inaamka, Tata chini ya pama na Yusta ameelekea ukutani. Jicho lililotazama ni langu peke yangu, na mimi ni mtoto wake.

Wakati huohuo Shangazi akaingia. Alikuta mkamwana chumbani kwa mkwe, mkono uko kitandani. Nilisikia alivyopiga kelele, nawe umesimuliwa mengine. Yusta alikimbia nje na Shangazi akamfuata. Wakatuacha peke yetu, Tata na mimi.

Akatoa pama. Nilidhani atakasirika. Akaniambia lile jambo lake, nayarudia maneno kama alivyosema: "Huyu mtoto wa watu hajaniona hata siku moja, na anajua saa ninayosikia baridi. Siku mtakayonizika, mwacheni anitazame. Nimemruhusu mimi. Waambie." Kisha akaniambia, "Ndaga, Lusajo, asante. Sasa kazime, kasije kakasimama tena." Nikazima. Alfajiri ya pili akatuacha.

Mama, nilipiga simu siku ya mazishi kuyasema maneno hayo. Simu yako alikuwa nayo Shangazi. Nilimwambia yote, nikamwambia akuite. Akanijibu, "Usituletee mambo ya kwenye kioo huku msibani," akakata. Nikapiga tena mpaka ikazimwa kabisa. Sijui kama alikuambia kuwa nilipiga. Nadhani hakukuambia.

Na Yusta mlimweka jikoni, akapika kwa ajili ya waombolezaji, jeneza likatoka yeye akiwa nyuma ya nyumba. Mlipomuuliza mbele ya ukoo ni nini alichokwenda kufanya chumbani kwa mkwe wake, alinyamaza. Mkasema amekiri. Mama yangu, angejitetea vipi? Ili ajitetee angelazimika kumtaja Tata, aseme alisema hivi, alifunika uso hivi. Mwiko mnaosema ameuvunja ndio uliomfunga mdomo. Alikubali aitwe mchawi kuliko amtaje mkwe wake kwenye kilio chake.

Wewe ulimwambia, "Nenda kwanza kwenu, maneno yapoe." Najua ulisema kwa upole. Najua ulikuwa mjane wa siku chache na kila mtu anakuvuta kwake. Lakini maneno hayapoi, Mama. Nikimpigia Yusta anasema mwanetu Atupele ana kikohozi, anasema baridi ya Iringa ni kali, kisha ananiuliza, "Mama amepata mtu wa kumsogezea magunia?" Hajawahi kuniambia jambo baya juu yenu. Wiki iliyopita baba yake alichukua simu akaniambia, "Mkwe wangu, mtoto hanishindi kumlea. Ila kama hamumtaki, mseme wenyewe, msiliachie basi lililomleta liseme kwa niaba yenu." Nilibaki namwambia shikamoo mara ya pili.

Kwa hiyo nakuomba, nimepiga magoti hapa kwenye sakafu ya chumba changu ingawa hunioni. Panda basi uende Iringa wewe mwenyewe. Usimtume Shangazi wala mshenga wala ujumbe wa simu. Chukua mchele wako mzuri wa Ubaruku, usiende mikono mitupu kwa wakwe zako, na uchukue kishikwambi. Kikiganda njiani, kandamiza kitufe cha pembeni usikiachie, kinapona. Mwambie ni chake.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine ndogo, nimeifunga kwa gundi. Ngoja nikueleze kilichomo usije ukashtuka. Sisi mafundi tuna mazoea: mashine ikiganda, kabla ya kugusa chochote tunapiga picha ya kioo, ili baadaye tujue kosa lilikuwa wapi. Siku ile mkono wangu ulifanya hivyo wenyewe, kwa mazoea ya kazi. Ule uso uliosimama, mdomo wazi kidogo, ninao. Nimeuchapisha kwenye karatasi nzuri. Si picha ya kosa tena.

Nisalimie dada yangu, mwambie nimepokea rambirambi za wanakwaya wenzake. Msalimie Shangazi Tumpe. Yeye ni dada wa Tata, amefiwa kama sisi, na hasira yake ni ya mtu aliyefiwa. Ukifika Iringa wasalimie wakwe zako wote wawili kwa heshima, na umbusu Atupele kwenye paji la uso.

Yusta usimpe salamu zangu kwanza. Mpe ile bahasha ndogo mkononi, na umwambie aifungue akiwa amekaa. Akigeuza uso kwa woga, usimcheke. Mwambie mkwe wake amesema amtazame.

Mwanao,
Lusajo