Kovu la Baba Neema

Jumanne usiku

Mchana kutwa nimesingizia kishikwambi. Nimewaambia wenzangu kioo ni kidogo, kwenye kompyuta ningeliona lile kovu. Mwongo mimi. Nililiona.

Picha ya msiba ya Baba Neema niliihariri kwenye kivuko, nikitoka Nansio. Kovu la shavuni nikalifuta kwa kidole, nikidhani nampendezesha marehemu.

Leo mjane wake ameifuata hapa studio, Mabatini.

"Mwanangu, kovu lake liko wapi?"

"Nimeisafisha, mama."

"Alilipata akiniokoa ziwani."

Nikamwomba asubiri niirudie kwenye kompyuta. Lakini gari la makaburini lilikuwa likimngoja nje.

Hakunigombeza. Aliikumbatia picha, uso ukiwa umegeukia kifuani kwake, waombolezaji wasiuone, akapanda gari.