Jibu Nililolikalia

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na lile goti limekuachia japo upande ngazi. Sisi hatujambo; mama anakusalimu na kunung'unika kwamba mkono wako umekuwa mzito kuandika.

Huku ofisini kwa askofu, ninakopiga chapa, mambo si shwari. Miezi miwili iliyopita ilifika barua isiyo na jina, ikidai Paroko wetu alimfungia mwanakwaya mmoja, binti fundi cherehani, katika chumba cha mavazi ya misa na kumshika kwa nguvu. Kesho yake Paroko akaambiwa afungashe. Jumapili tangazo likasomwa, na watu walifika majumbani wameshamhukumu. Hata aliowabatizia watoto walivuka barabara wasimsalimu. Padre aliyeteuliwa na askofu kuwa mchunguzi alimtaka ajibu kwa maandishi. Jibu halikuonekana, watu wakasema kimya chake ndiyo toba yake.

Mimi sikumwonea huruma. Nilikumbuka mwaka ule uliporudi nyumbani ukamtaja padre wa shuleni kwenu, baba akakukatiza kabla hujamaliza.

Wiki jana mchunguzi alichoka kungoja, akamwita fundi mwenyewe. Mimi ndiye niliyeandika maneno yake. Alisema si Paroko, ni mwalimu wa kwaya. Paroko ndiye aliyegonga mlango mpaka ukafunguliwa. Barua ya uongo, anayoamini ni ya mwalimu, ikamtangulia yeye kufika kwetu. Fundi alikuja mara mbili kusema, bawabu akamwambia asubiri kuitwa. Akauliza kwa nini imechukua miezi miwili, na mwalimu bado anaongoza nyimbo kila Jumapili. Hilo nalo nililiandika.

Dada, Paroko alijibu. Bahasha yake ilifika siku ya tatu baada ya kutakiwa ajibu, ikiomba jambo moja tu: kabla hajaulizwa yeye, aulizwe binti. Niliisoma, nikaifungia kwenye droo yangu. Nilidhani nakulipizia kisasi wewe. Kumbe nilimnyima mwenzio kilekile ulichonyimwa.

Nimempelekea mchunguzi bahasha na kukiri. Polisi wanamhoji mwalimu, Paroko amerudishwa, nami nimesimamishwa kazi. Nilimpigia Paroko magoti. Akaniinua, akasema nisianzie kwake. Kesho naenda kwa fundi.

Na wewe, dada, miaka yote hii sijawahi kukuuliza. Ukitaka kusimulia, nitasikiliza mpaka umalize. Usipotaka, niandikie habari za goti tu, nitashukuru.

Wasalimie shemeji na watoto. Mungu akutunze.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba