Waridi Shingoni mwa Simba

Montevideo, Jumatatu

Kaka yangu mpenzi Anselmo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai hujambo huko Salto, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi tu wazima, ila Mama bado analalamika kwamba uliondoka mbio bila hata kumaliza chai yako ya mate.

Hapa mambo si mazuri. Unamkumbuka Don Olegario, mlinzi wa bustani ya Las Acacias, aliyenipa ufunguo wa pili wa lango ili nichore chemchemi alfajiri kabla watu hawajajaa? Alizoea kunitania kwamba namkodolea macho yule simba wa shaba wa chemchemi kana kwamba nataka kumposa. Basi simba ameibwa. Aliyewekwa mahali pake ni wa plasta, kapakwa rangi za mafuta, na Ijumaa mzee wa watu anapelekwa mahakamani, eti lango halikuvunjwa na ufunguo ni wake.

Mwanzoni nilimshuku kila mtu. Nilimshuku muuza maandazi ya churro, aliyewahi kuniuliza simba yule ana uzito gani. Nilimshuku hata Don Olegario, Mungu anisamehe, nikaacha kupokea chai yake ya mate. Alinitazama tu, akasema nimekuwa mgeni siku hizi. Niliona haya.

Jana nilikwenda mchana, jua la utosi, nikamtazama vizuri yule simba wa plasta. Shingoni ana rangi ya waridi. Kaka, simba wetu hana waridi! Ile ni rangi ya jua la alfajiri, ikifika saa mbili imeshapotea. Mimi ndiye niliyeitia kwenye turubai yangu. Aliyempaka huyu hakumtazama simba hata kidogo. Alitazama mchoro wangu.

Na mchoro huo sijamwonyesha mtu. Ulikuwa umegeuziwa ukutani katika chumba ulicholala wewe, chini ya koti langu lenye ufunguo mfukoni.

Nimekwisha kumweleza mkaguzi wa polisi habari ya waridi. Aliponiuliza nani aliuona mchoro, nilinyamaza, na moyo unaniuma tangu hapo. Alhamisi ataniuliza tena. Njoo na simba, Anselmo, au njoo mikono mitupu, lakini uje. Nakupenda, ila usipofika nitakutaja.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote. Leo amekutandikia kitanda.

Ni mimi dada yako,
Nélida